Bao Alilolificha Kakakuona

Ngano, ngano!

Ije tuisikie!

Ije peke yake?

Ije na funzo lake!

Basi sogeeni. Lakini kabla sijaifungua, niacheni niseme la kwangu kwanza, maana Mwenyezi Mungu hapendi mtu afundishe wenzake huku kosa lake amelikalia. Na mimi nililikalia kweli.

Mwaka mmoja nilikuwa katibu wa kombe la kata. Si kwa elimu, shule niliishia la saba. Nilipewa ukatibu kwa kuwa nilikuwa na baiskeli. Timu yetu ikatoka sare na vijana wa Mtakuja, mbili kwa mbili. Kanuni ilisema sare hurudiwa, Jumamosi inayofuata, huko huko kwao. Na Jumamosi hiyo palikuwa na harusi hapa kwetu, na pilau lake nilishaanza kulisikia puani. Nikasimama nikasema, "Kanuni inasema turushe shilingi." Karatasi ya kanuni ilikuwa pale kwenye benchi, nimetoka kuikalia. Shilingi ikarushwa, Mtakuja wakatolewa. Nahodha wao, kijana aitwaye Twalibu, aliyetembea na wenzake tangu alfajiri, akanipa mkono akasema, "Ahsante, mzee." Mkono huu nimeunawa miaka yote hii, hautakati.

Hayo ni yangu. Sasa sikieni ya Kakakuona.

Zamani, zamani sana, mpira ulipokuwa bado unasokotwa kwa majani makavu ya mgomba, palikuwa na nchi yenye kisima kimoja. Si kisima cha kamba na ndoo, ni kisima kipana cha ardhini. Usiku kilijaa, mchana kikanywewa. Masika yakipita, mito ilikauka, mabwawa yakakauka, kikabaki hicho tu. Na wanyama walikuwa wengi.

Hapo mwanzo walikuwa wakipigana. Pembe zilivunjika, mikia ilikatika, watoto walikanyagwa. Wazee wakakaa, wakasema, "Basi. Tusipigane, tucheze." Wakaweka Kombe la Kisima. Kila kiangazi Wazito walicheza na Wepesi. Wazito ni nyati, nyumbu, pundamilia na wote ambao wakitembea ardhi inajua. Wepesi ni nguchiro, digidigi, pimbi na wote ambao wakitembea hata majani hayajui. Aliyeshinda ndiye aliyetangulia kunywa kila asubuhi, mpaka mvua irudi. Aliyeshindwa alikunywa kilichobaki, na kila mwaka walioshindwa ni Wepesi.

Na kilichobaki nyuma ya nyati, ndugu zangu, hayakuwa maji. Lilikuwa tope lenye alama za kwato.

Je, na wakitoka sare? Kanuni yake watoto walifundishwa kabla hawajaota meno. Sare hurudiwa baada ya siku tatu, kwenye uwanja wa yule aliyekuwa mgeni. Ikiwa sare tena, hurudiwa tena. Na siku zote za kungoja hakuna mshindi, kwa hiyo kisimani ni zamu: leo wanywe hawa, kesho wanywe wale. Wakaitungia na wimbo. Mimi nikiimba mstari wa mbele, nyinyi mnipokee.

Sare si mwisho!

Sare ni njoo kesho!

Vizuri. Mnaweza.

Golikipa wa Wepesi alikuwa Kakakuona. Hakuwa na mbio, hakuwa na kimo. Lakini magamba yake yalikuwa kama vigae, na mpira ukimfikia alijikunja nao wakawa kitu kimoja, huwezi kujua mpira uko wapi na golikipa yuko wapi. Alikuwa mnyama wa sala. Akiamka alimshukuru Mungu, akilala alimshukuru Mungu. Aliishi na mama yake, kizee. Kiangazi kilichopita mama huyo alikunywa tope, tumbo likamlaza wiki mbili.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mwaka huu nikinywa tope tena, andaa sanda."

Kakakuona alichukua mpira. Alikwenda mazoezini.

Mechi ya kwanza ikachezwa kwa Wazito. Refa alikuwa Korongo, kwa sababu ya miguu yake mirefu na kwa sababu hana ndugu upande wowote. Nahodha wa Wazito alikuwa Nyati mwenyewe. Akaja mbele ya goli, akamtazama Kakakuona juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu.

"Hee, golikipa! Umevaa paa la nyumba? Leo tunaliezua."

"Wewe Nyati, piga mpira, acha kupiga domo!" Huyo ni Nungunungu, mshabiki wa Wepesi. Yeye walimkataza kucheza, kwa kuwa kila akigusa mpira ulimganda mgongoni, mechi inasimama auvuliwe.

Nyati akapiga shuti la kwanza. Kakakuona akajikunja nalo. Akapiga la pili. Kakakuona akajikunja nalo. Akapiga la tatu, ardhi ikatoa moshi. Kakakuona akajikunja nalo.

Korongo akapuliza filimbi. Bila kwa bila.

Sare si mwisho!

Sare ni njoo kesho!

Siku tatu wakanywa kwa zamu. Zamu ya Wepesi, mama yake Kakakuona alikunywa maji meupe mpaka akacheka peke yake.

Mechi ya pili ikachezwa kwa Wepesi, kwenye uwanja wenye vichuguu, ambao Wazito waliulaani tangu wanafika. "Huu uwanja au uso wenye chunusi?" akasema Nyumbu. Wakacheza, wakajikwaa, wakacheza. Nguchiro, nahodha wa Wepesi, akapiga mwamba. Pundamilia akapiga mwamba. Dakika zikayoyoma, zikabaki chache za kuhesabu kwa kwato moja.

Ndipo Nyati akapata mpira. Akaupiga kwa hasira ya mechi mbili. Kakakuona akajikunja nao, lakini shuti lile lilimsukuma, likamburura, likamvusha mstari hatua nzima, yeye na mpira wake. Vumbi likafunika goli. Na ndani ya vumbi lile, kabla halijatua, Kakakuona akabiringika, akarudi nje ya mstari.

Vumbi likatua. Korongo akaja mbio.

"Sikuona," akasema, maana Korongo hakuwa na aibu ya kukiri. "Golikipa, limeingia?"

Kakakuona akafungua mdomo. Akamwona mama yake kule pembeni, amekaa kivulini, mdomo mkavu.

"Halikuingia," akasema.

Filimbi ikalia. Sare! Wepesi wakaruka, wakaimba. Mnaujua wimbo. Lakini Kakakuona hakuimba. Usiku ule alipotaka kumshukuru Mungu, maneno yalifika kooni yakageuza njia.

Sasa, palikuwa na katibu wa kombe, Bweha. Bweha hakuwa Mzito wala Mwepesi, kwa hiyo alikunywa mwisho siku zote, na jambo hilo lilimuuma. Wazee wawili wa Wazito walikuwa wamemnong'oneza: tukishinda, utakunywa pamoja nasi. Bweha akaitisha kikao cha wajumbe sita, watatu wa kila upande, manahodha na magolikipa wakiwemo.

"Ndugu wajumbe," akaanza, mkia ameukunja vizuri, "hizi rudia rudia zitatumaliza. Nyasi za uwanja zimekwisha. Magoti ya wachezaji yamevimba. Refa wetu filimbi imemkausha koo. Kwingine wameshaachana na mambo haya. Sare moja, kura moja, kila mtu kwake."

"Kura?" Nguchiro akasimama. "Kura haijakimbia hata hatua moja. Haijapigwa teke, haijala vumbi. Leo ndiyo inyakue kombe? Ndugu katibu, sare maana yake hatujamalizana. Ukila ukawa hujui kama umeshiba, unarusha kitu juu au unaongeza tonge?"

Wajumbe wakacheka. Bweha naye akacheka, lakini meno tu.

"Wanaotaka kura wanyooshe."

Wazito watatu wakanyoosha. Walitakiwa wanne. Bweha akangoja. Kisha, polepole, mkono mmoja wenye magamba ukapanda.

"Kakakuona!" Nguchiro akamaka. "Umeumwa na nini?"

Kakakuona hakumtazama. Alikuwa akisema moyoni: tukirudiana nitasimama tena kwenye mstari ule ule, na Nyati atanitazama usoni. Kura itaufukia uongo wangu. Na nani ajuaye, huenda bahati ikawa yetu, mama akanywa.

Hivi ndivyo kosa lilivyo, ndugu zangu. La kwanza likiingia, huacha mlango wazi.

Bweha akaleta kipande cha kibuyu, kimoja tu, chenye tumbo kwa ndani na mgongo kwa nje. "Tunarusha mara tatu," akasema. "Wepesi, nyinyi mna magamba mgongoni, mna miiba mgongoni. Chukueni mgongo. Ni heshima yenu hiyo."

Wepesi wakachukua mgongo. Wazito wakachukua tumbo.

Bweha akarusha mara ya kwanza. Kikaanguka tumbo juu.

Akarusha mara ya pili. Tumbo juu.

Akarusha mara ya tatu. Kikazunguka, kikasita kidogo, kikalala. Tumbo juu.

Wazito wakavuma. Nyati akainama kukitazama kile kipande kilichompa kisima. Pua yake ikapata harufu ya asali. Akakigeuza kwa ulimi: mgongoni kimepakwa nta, nta imechanganywa na udongo, mgongo umekuwa mzito. Kisha akakiacha, akaenda kunywa, akanyamaza.

Siku ya kwanza Wepesi wakanywa tope. Siku ya pili wakanywa tope. Siku ya tatu mama yake Kakakuona hakuinuka.

Kakakuona akamletea tope lililochujwa kwa majani. Mama akanywa kidogo, akakunja uso.

"Mwanangu, mbona siku hizi huimbi?"

Hapo Kakakuona akalia, akamwambia yote: hatua nzima, vumbi, kubiringika, na mkono alioupandisha.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Nenda ukaseme," akamwambia.

"Mama, Nguchiro bado anadai mechi irudiwe. Nikisema, ina maana walitushinda kwa haki. Hutakunywa maji safi mpaka masika!"

"Tope nimelinywa nikapona. Uongo sijaona mtu aliyeunywa akapona. Nenda."

Asubuhi Wazito walikuwa kisimani, wamezamisha midomo. Wepesi wamejipanga nyuma, wanangoja kilichobaki. Bweha yuko mbele kabisa, kidevu kinachuruzika. Kakakuona akapita katikati ya miguu yote ile mpaka mbele.

"Nina neno," akasema. Waliokuwa wakinywa hawakumsikia. Akasema tena. "Nina neno! Lile bao la mechi ya pili liliingia. Hatua nzima. Nilirudi nalo vumbini. Refa aliniuliza nikamdanganya. Ni mimi, peke yangu. Mungu anisamehe, na nyinyi mnisamehe."

Wazito wakalipuka kwa vigelegele.

"Umetumaliza," Nguchiro akasema taratibu. Miiba ya Nungunungu ikasimama yote, mpaka waliokaa karibu naye wakahama.

Lakini Nyati hakushangilia. Aliinua mdomo, maji yakamdondoka. Akatazama maji, akamtazama yule mdogo mwenye magamba, aliyekuja kujinyima kisima kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nyamazeni," akasema. Wakanyamaza. "Na mimi nina neno. Kile kipande cha kibuyu kilipakwa nta mgongoni. Niliiona, nikanyamaza, nikanywa. Kila funda lilinipitia kooni kama mwiba."

Wote wakamgeukia Bweha.

"Nta?" Bweha akasema. "Mimi? Labda... labda nyuki walipumzika pale."

"Wakachanganya na udongo?" akauliza Nungunungu. "Nyuki hao mafundi!"

Kisima kizima kikacheka. Bweha akachomoka bila kuaga.

Korongo akaja katikati. Akainua mguu mmoja, maana ndivyo anavyofikiri. "Kakakuona alificha bao," akasema. "Hilo moja. Nyati alificha nta. Hilo moja. Moja kwa moja huitwaje?"

Digidigi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema mbele ya watu, akajibu kutoka nyuma, "Ni... ni sare?"

"Ni sare!"

"Sare gani!" wakalalamika wale wazee wawili wa Wazito. "Bao amelikiri! Kisima ni chetu!"

"Wazee wangu, mngeshika bao, ningewapa bao. Lakini nyinyi mliikubali kura mahali pa mechi, na kura imeoza. Mechi mliiacha, kura imetupwa. Kimebaki nini?"

Nyati ndiye aliyeanza kuimba, kwa sauti ile yake kama gogo linalobiringishwa, na wote wakampokea:

Sare si mwisho!

Sare ni njoo kesho!

Mechi ya tatu ikachezwa kwa Wazito. Mama yake Kakakuona alibebwa na pimbi wanne mpaka pembeni mwa uwanja. Siku tatu za zamu zilikuwa zimemrudishia macho.

Walicheza, ndugu zangu. Walicheza mpaka mpira ukaanza kufumuka. Na dakika za mwisho, kama vile Mwenyezi Mungu alitaka kumrudishia Kakakuona mtihani ule ule, Nyati akapata mpira mbele ya goli. Akapiga. Kakakuona akajikunja nao. Shuti likamburura, vumbi likapanda, Korongo akaja mbio, na Korongo hakuona.

Uwanja mzima ukanyoosha shingo.

"Golikipa," akasema Korongo. "Limeingia?"

Kakakuona akajikunjua polepole. "Halikuingia," akasema. "Mkia wangu uko ndani, mpira uko nje. Uko hapa hapa juu ya mstari, njoo uutazame."

"Muongo huyo!" Bweha akabweka kutoka mbali, nyuma ya kichaka, maana karibu hakuthubutu. "Alisema hivyo hivyo mara ya kwanza!"

Korongo akamtazama Nyati. Nahodha wa Wazito angeweza kugombea. Angeweza kusimamisha mechi mpaka jua lizame.

"Aliyejisema mwenyewe wakati hakuna aliyemwona," Nyati akasema, "leo hana haja ya kuapa. Chezeni."

Na kabla vumbi halijatua vizuri, Kakakuona akaurusha mpira kwa Digidigi. Digidigi akapita chini ya tumbo la Nyumbu, akapita katikati ya miguu ya Pundamilia, golikipa wa Wazito akainama kumtafuta, na alipoinuka mpira ulikuwa nyuma yake.

Bao! Filimbi. Moja kwa bila.

Asubuhi yake Wepesi wakatangulia kisimani. Mama yake Kakakuona akanywa kwa jani alilolikunja, mafunda saba, akajifuta mdomo. Digidigi wakanywa, pimbi wakanywa, nguchiro wakanywa. Jua lilikuwa halijakausha umande, wao wamekwisha maliza.

Nyati akafika na wenzake, wamejiandaa kwa tope. Akatia mguu. Maji yakamfika magotini, meupe, anaona kwato zake.

"Hamjanywa?" akauliza.

"Tumekunywa tumeshiba, mzee," akajibu Kakakuona. "Matumbo yetu ndiyo haya."

Nyati akacheka mpaka kisima kikafanya mawimbi. "Kumbe miaka yote hii! Nyinyi mkitangulia, sisi hatupungukiwi kitu!" Na tangu kiangazi kile, mechi walicheza kwa sababu ni tamu, lakini kunywa, wadogo walitangulia.

Bweha alipewa kazi ya kukwangua nta kwa meno mpaka kibuyu kikawa cheupe. Ndiyo maana hata leo hulia kwa mbali, akiogopa kusogea. Na Kakakuona, ukimkuta njiani, hujikunja. Ukimpa nafasi hujikunjua mwenyewe, kifua wazi, uone hakuna alichokificha.

Basi funzo ndilo hilo. Sare ni neno ambalo halijaisha kusemwa, na halimalizwi kwa kurusha kitu juu. Humalizwa kwa kukutana tena, uso kwa uso. Na mtu akikosa, aseme. Aliyekiri kosa lake jana, leo neno lake linatosha bila shahidi.

Ngano yangu imevuka mstari. Mlioiona, semeni: imeingia?

Imeingia!

Basi nina ombi moja. Kati yenu wapo wanaokwenda mnadani Mtakuja Alhamisi. Mtafuteni Twalibu. Siku hizi ni mtu mzima, labda ana wajukuu. Mwambieni yule katibu mwenye baiskeli alidanganya, kanuni haikusema shilingi, na anaomba radhi. Mwambieni ile mechi bado haijaisha, wachague siku, uwanja nitaufyeka mwenyewe. Tafadhali, mwambieni.